Mwalimu Aliyeaga Akiingia

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa na desturi ya kuaga anapofika. Ukimwalika arusini, hapa kwetu Likasi, mji wa migodi, alisimama mlangoni, akavua kofia, akawapa mkono bwana na bibi arusi na kuwaambia, "Bon, minye naenda, mubakie muzuri." Kisha akaingia, akatafuta kiti karibu na mlango wa nyuma, akala sahani tatu za bukari, ugali wetu, na samaki wa Kapolowe, akacheza na mama mkwe wa watu, na ilipofika saa yake akaondoka bila neno. Wasiomjua walikasirika mara mbili: kwanza kwa kuwa mgeni hajaketi na tayari anaaga, halafu kwa kuwa ametoweka kama mwizi. Sisi tuliomjua tulimwambia, "Kwenda muzuri, Prof," huku tukimwonyesha kiti.

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Huyu alikuwa mgeni nenda, na mwenyeji alipona vilevile.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Tulipomuuliza alisema hizo ni habari za kuingia duniani, na watu wengi wanazijua. Yeye alishughulika na habari za kutoka. Nilichojua ni kwamba kabla ya kushika chaki alifanya kazi chini ya ardhi, upande wa Kambove, katika mgodi mdogo ambao siku hizi umefungwa. Alipanda kutoka huko na kanuni moja tu, na kanuni hiyo aliitumia kwa kila kitu: "Usiingie fasi yenye haujue mulango yake ya kutokea." Fasi kwetu ni mahali. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Kwa daktari wa meno aliuliza kwanza kuhusu dirisha. Ukimkaribisha nyumbani alizunguka nje mpaka aone mlango wa jikoni, ndipo abishe hodi kwenye ule wa mbele, aage, na kuingia.

Mkewe, mama mmoja mcheshi aliyeuza vitenge, aliulizwa siku moja na wanawake wenzake jinsi mtu wa namna hiyo alivyokubali ndoa. Akajibu, "Mulango nilimuonyesha siku ya kwanza. Iko wazi mupaka leo. Yee njo anakatala kutoka."

Alitufundisha kompyuta miaka mitatu bila kompyuta. Usicheke bado. Shule yetu ilikuwa na nyaya, ilikuwa na soketi, ilikuwa hata na meza sita ambazo seremala wa parokia alizitengeneza kwa ajili ya mashine zitakazokuja, na sisi tukaweka madaftari juu yake tukingoja. Umeme nao ulikuja ulivyotaka wenyewe. Mwalimu hakuwa mtu wa kungoja. Alichukua chaki, akachora mstatili mkubwa uliojaa ubao wote, akarudi nyuma kuutazama. "Hii njo écran," alisema, yaani hii ndiyo skrini. Na kwa kuwa ubao ulikuwa mweusi tayari, alitutangazia kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Kwa asiyejua, ndani ya kompyuta kuna dirisha jeusi lisilo na picha hata moja. Hapo hubofyi kitu. Unaandika amri kwa maneno, mashine inasoma, inatii. Mafundi wanalipenda dirisha hilo. Mwalimu wetu alilistahi kama watu wengine wanavyomstahi askofu. Kipanya alikiita kintu ya bavivu. Alisema mtu anayeelekeza kidole kwa kila anachokitaka ni mtoto ambaye bado hajajua kusema.

Katika dirisha hilo kuna kistari kidogo kinachowaka na kuzimika mahali maandishi yatakapoanzia. Kwa Kifaransa wanakiita curseur. Mwalimu aliamini kwamba dirisha bila curseur ni maiti, kwa hiyo kila somo mwanafunzi mmoja alisimama ubaoni, chaki mkono wa kulia, sponji mkono wa kushoto, akichora kistari na kukifuta, kukichora na kukifuta, saa nzima. Mimi nilikuwa msichana mrefu kuliko wote na mkono wangu ulifika juu kabisa. Nikawa curseur mwaka mzima, mwaka uliofuata nikachaguliwa tena bila mpinzani, na hadi leo kuna watu wazima hapa mjini wanaoniita hivyo sokoni, mbele ya wateja wangu.

Nilipochoka na mkono ukasimama, Mwalimu alipaaza sauti, "Machine imekufa!" Darasa zima lilitoka nje, likahesabu mpaka kumi uani, likarudi na kuketi upya, maana mashine iliyokufa huzimwa ikawashwa tena. Katika miezi ya mvua wenzangu walinichukia sana.

Mashine yenyewe alikuwa yeye. Ulikwenda ubaoni, ukaandika amri, naye akakujibu kwa sauti bapa, macho yametulia ukutani. Ukikosea herufi moja alisema, "Commande inconnue," yaani amri haijulikani, na hakuna machozi yaliyoweza kumgeuza. Kuna mwenzetu mmoja aliyebanwa na haja katikati ya somo. Aliandika ombi lake ubaoni kwa Kifaransa safi, na "s'il vous plaît" mwishoni. "Commande inconnue." Akaliandika kwa Kiswahili, miguu ikicheza. "Commande inconnue." Jasho likimtoka, akakumbuka amri tuliyofundishwa siku ya kwanza kabla ya amri nyingine yoyote, akaandika: exit. Mwalimu alinyanyuka, akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamwinamia kidogo alipokuwa anapita mbio.

Ndiyo, tulianza na amri ya kutoka. Vitabu vyote vinaiweka mwisho, yeye aliiweka ukurasa wa kwanza wa daftari, peke yake, imepigwa mstari mara mbili. "Muko nataka kuingia?" alituuliza. "Kwanza munionyeshe fasi ya kutokea."

Kompyuta ya kweli ilifika mwaka wangu wa mwisho. Marafiki wa parokia waliituma kutoka mbali, imeviringishwa katika blanketi la mtoto. Mwalimu aliipokea mlangoni, akaiambia kwaheri, akaibeba ndani. Aliifunika kitenge kipya cha mkewe, bila ruhusa ya mkewe. Alasiri ile alituma kila mtu nyumbani akabaki na mashine peke yao, na kitabu chake kinene cha kompyuta, cha Kifaransa, magotini, na umeme kwa bahati ulikaa.

Kesho yake alikuja anang'aa uso. "Jana ilifunguka," alisema. "Dirisha nzima. Nyeusi kabisa! Tulisemezana masaa mbili."

Tukasimama wote. Kwa kuwa yeye hakugusa kipanya, na kulifungua dirisha kwa vibonye vya herufi kulimchukua jana nusu ya alasiri, kazi ya aibu ya kubofya nilipewa mimi. Nikabofya. Dirisha lilitokea na kutoweka, haraka kuliko kupepesa jicho. Nikabofya tena. Likatokea, likatoweka.

"Jana ilikuwa muzima," alisema Mwalimu. Hakuna aliyemwamini, na sisi tulikuwa watu waliohesabu mpaka kumi kwenye mvua kwa ajili yake.

Hapo ndipo nilipomwona vizuri ni mtu gani. Mtu mwingine angeipiga kofi mashine, au angeisingizia jirani. Yeye alinunua daftari jipya. Alitufundisha kwamba ubovu hutafutwa kwa kubadilisha kitu kimoja tu kila mara, kisha unaandika ulichobadilisha na kilichotokea, hata kama ni upuuzi, kwa sababu hujui bado upuuzi ni upi. Nasema bila mzaha, kazi inayonilisha leo nilijifunza kwake, katika majuma yale.

Basi tukabadilisha. Meza ikageuzwa kuelekea Kambove: hakuna mabadiliko. Meza ikageuzwa kuelekea Shituru: hakuna mabadiliko. Mwalimu akavua viatu: hakuna. Kitenge kikatolewa, kikarudishwa kwa mwenyewe aliyekuwa anakidai: hakuna. Mwanafunzi mmoja aliyetoka Kambove akaombwa asimame nje: hakuna, akarudishwa ndani na kuombwa radhi. Fundi umeme mmoja wa kiwandani alikuja na glavu za kufika kiwiko, akaweka kiganja juu ya mashine muda mrefu, akasema, "Haina na moto mingi," akaenda zake. Hilo nalo liliandikwa.

Jaribio kubwa lilikuwa la macho arobaini. Mwalimu alisema dirisha lazima linaandika kitu kabla ya kutoweka, ila hakuna jicho moja linaloweza kusoma yote kwa wakati mfupi namna ile. Akaligawa kama shamba. Alichora viwanja arobaini ubaoni, akampa kila mwanafunzi kiwanja chake cha dirisha, kila mmoja atazame pake tu kwa jicho moja, jingine alifunike kwa kiganja ili lisivuke mpaka. Nikabofya. Arobaini wakakimbilia ubaoni na chaki, kila mtu akajaza kiwanja chake. Tuliposoma pamoja tulipata herufi za kutosha, msalaba mmoja, na neno Kolwezi. Aliyeandika Kolwezi alikuwa na shangazi huko, na aliapa kwa mama yake kwamba aliliona.

"Hatukatae kintu," alisema Mwalimu, akanakili yote daftarini.

Mwaka ukaisha, nikahitimu, nikafungua kijumba changu karibu na soko: kuandikia watu barua, kupiga fotokopi, kutengeneza kompyuta zilizojaa mende. Mwalimu alibaki na mashine yake. Darasa baada ya darasa lilifundishwa ubaoni, curseur baada ya curseur, na kila Jumatatu asubuhi dirisha lilibofywa mara moja, likatoweka, na tarehe ikaandikwa. Miaka ilipita hivyo. Mara nyingine alipita kwangu, akaniaga, akakaa kwenye benchi, akanitazama nikifanya kazi. Hakuniomba kamwe nije kuitazama. Mimi nami sikujitolea, maana ungemwambiaje mtu aliyekufundisha kusoma kwamba utamsomea? Niliona ni utovu wa adabu. Leo naona ulikuwa woga tu.

Kisha shule ikapata préfet mpya, mkuu wa shule kijana mwenye haraka na kalamu tatu mfukoni. Alikagua madarasa yote siku moja, akalikuta la kompyuta lina kompyuta moja, iliyofunikwa kitenge, na msichana ubaoni anachora kistari na kukifuta. Aliuliza ni adhabu ya kosa gani.

Juma lile Mwalimu alikuja kwangu mchana. "Bon, Curseur, minye naenda," alisema, akaketi. Akaweka kofia magotini. Kisha akasema, "Vendredi banafunga salle yangu," yaani Ijumaa wanafunga darasa lake.

"Ju ya nini, Prof?"

"Préfet anasema anaweka mule coupe-couture, masomo ya kushona. Vyerehani vinane biko tayari mu couloir. Aliniambia: Prof, nikiona ile dirisha yako inasimama dakika moja, moja tu, salle inabakia yako. Kama haisimame, unapumuzika." Alitamka kupumzika jinsi wengine wanavyotaja gereza. "Nifanye nini ku nyumba, Curseur? Mama yako ataniuza pamoja na bitenge."

Nilicheka. Nilimpenda mzee yule, naomba niseme wazi, na sikuwahi kumwambia.

"Nikuye kuangalia, Prof?"

"Kuya," alisema. "Weye njo nitakubali."

Ijumaa nilifika mapema. Vyerehani vilikuwa kweli vimejipanga korido, vimefunikwa, vikingoja kuingia. Darasani walikuwepo préfet na saa yake mkononi, mtawa mmoja aliyewakilisha parokia, na Mwalimu amevaa suti ya arusi, amesimama karibu na mlango wa nyuma.

Nilikaa mbele ya mashine. Ndani ya kompyuta kuna daftari la siri ambamo inaandika mazoea yake: rangi anayoipenda mwenyewe, lugha, na mambo ya kufanya kila dirisha fulani linapofunguka. Hilo hufunguliwa kwa kipanya, bila dirisha jeusi. Nilishuka humo kurasa baada ya kurasa mpaka mahali pa dirisha jeusi, nikakuta mtu ameliachia agizo: kila utakapofunguliwa, kabla ya kumsikiliza yeyote, tekeleza hili kwanza. Na "hili" lilikuwa neno moja.

Exit.

Nilikaa pale mikono juu ya meza. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Duniani kuna mtu mmoja tu ambaye angepewa mashine mpya, akaifungua mara ya kwanza, na kabla jua halijatua akaitafutia mlango wa kutokea na kuifundisha kwamba hilo ndilo la kwanza. Alasiri ile ya kitabu kinene alifika ukurasa unaoeleza namna ya kuliachia dirisha agizo la kudumu, akafurahi, akaliachia agizo lake lenye busara kuliko yote. Dirisha lilimtii. Miaka yote lilikuwa linamtii. Lilikuwa linaingia na kuaga, mwanafunzi bora aliyewahi kumpata. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hiki alikichimba kwa nia njema kabisa.

"Unaona kintu?" préfet aliuliza.

Nilimtazama Mwalimu. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama kofia yake. Ningesema kweli, préfet angecheka, na kicheko hicho kingefika sokoni kabla ya saa sita: Prof amejifungia mwenyewe mlango miaka yote, akavua hata viatu kuutafuta. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nikalifuta lile neno, nikafunga lile daftari la siri.

"Niliona," nikasema. "Ilikuwa vumbi, monsieur le préfet."

Likasi yetu, ukisema vumbi, hakuna anayeuliza swali la pili. Vumbi ndilo linaloharibu vifua, saa, redio na ndoa. Préfet alitikisa kichwa kwa uchungu, mtawa akasema, "Ah, vumbi ya huku!" na mimi nikabofya.

Dirisha likafunguka. Likasimama.

Préfet akainua saa yake. Bila mtu kuamuru, sote tulisimama wima na kunyamaza, kama inavyofanywa kwa marehemu, na mtawa akafanya ishara ya msalaba sekunde ya thelathini hivi. Dirisha lilikuwa tupu na jeusi, na juu yake, upande wa kushoto, kistari kidogo kikiwaka na kuzimika, kikiwaka na kuzimika. Mwalimu alikuja taratibu mpaka karibu.

"Curseur," aliniambia, "angalia. Ile njo weye."

Dakika ikatimia. "Bon," alisema préfet, "tunaona sasa inafanya nini." Mwalimu akanyoosha vidole viwili, akatafuta herufi moja moja, akaandika neno moja, akabonyeza. Dirisha likatoweka.

"Aba!" préfet akaruka. "Imekufa tena!"

"Apana," alisema Mwalimu kwa utulivu. "Nimetoka." Akaniashiria nilifungue upya, likafunguka, likasimama, akaandika amri zote tulizojifunza ubaoni miaka ile, moja baada ya nyingine, na mashine haikusema hata mara moja kwamba haijulikani. Vyerehani vikapelekwa katika chumba cha kuhifadhia majembe, ambamo naambiwa vinashona vizuri.

Uongo wangu uliishi muda mrefu kuliko nilivyodhani. Tangu siku ile wanafunzi wa kompyuta walifagia darasa asubuhi, mchana na kabla ya kwenda nyumbani. Walipangusa miguu kwenye gunia mlangoni, wakapangusa gunia. Kulikuwa na mkuu wa vumbi, aliyechaguliwa kwa kura, na curseur wa ubaoni aliendelea pia, kwa siku ambazo umeme haupo. Wazazi waliokutana nami sokoni walinishukuru: watoto wao sasa wanafagia hata nyumbani bila kuambiwa. Nilipokea shukrani hizo nikitazama chini.

Alistaafu kwa hiari yake, miaka kadhaa baadaye, macho yalipoanza kumpungukia. Siku ya sherehe aliaga mlangoni asubuhi, watu wakalia asubuhi, na jioni alipoondoka kweli hakuna aliyekuwa na chozi lililobaki.

Mara ya mwisho nilimkuta kwake, Shituru, katika nyumba zile za zamani za kampuni zilizojipanga mstari mmoja na kufanana. Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimesikia hali yake si nzuri, nikabeba ndizi na sabuni. Mkewe alinifungulia, akanishika mkono muda mrefu, akanipeleka chumba cha mbele ambako kitanda kilikuwa kimewekwa chini ya dirisha. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi, upepo ukipita kati.

Nilisimama nikingoja aniage. Nilikuwa nimezoea kujibu "Kwenda muzuri, Prof" kabla ya salamu.

"Ni nani?"

"Curseur, Prof."

"Karibu," alisema. "Ikala."

Niliogopa. Miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu yeyote karibu kwanza.

"Prof, leo hauniage?" nilijaribu kumtania.

"Ikala," alisema tena. Nikaketi. Akatafuta mkono wangu juu ya blanketi mpaka akaupata. "Uliniongopea muzuri siku ile. Vumbi!" Akacheka bila sauti, mabega tu. "Njo nilifagisha batoto. Muntu asiseme mutoto yangu anaongopa."

"Prof alijua?"

"Ile juma ya préfet nilisoma cahier yangu, ile daftari ya siku ya kwanza. Yote nilikuwa niliandika. Nikaona: ni minye." Alivuta pumzi. "Nilienda kuifuta. Hata na souris, ile kipanya, minye mwenyewe, nilishika souris! Nikafika fasi yake, nikaona ile neno. Mukono ikakatala."

Nikamuuliza kwa nini, ingawa nadhani nilikuwa nimeshajua.

Akaniambia kwa maneno machache. Kambove, zamani, alikuwa na mwenzake wa zamu, mtu waliyegawana naye bukari kila siku. Kulikuwa na njia mpya chini, yenye mdomo mmoja tu. Mwenzake akasema anaingia kuchungulia na kurudi. Mwalimu akamngoja nje na chakula cha wote wawili mkononi. Ndiyo hayo tu aliyosema, na hakueleza alingoja muda gani.

"Mulango ya kutokea," alisema, "minye siwezi kuifuta na mukono yangu. Hata ya machine. Nikasema, niite Curseur. Yee njo anajua kufuta na kuandika tena."

Nililia, na sikuficha. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, naye alikuwa analia kwa namna yake, akitusuta kwamba ndizi zitaiva tukizitazama.

Kisha Mwalimu akauliza, "Milango iko wazi?"

"Iko wazi yote mbili, Prof."

"Bon. Ziache vile, ju ya upepo. Minye leo siko natafuta mulango." Akafumba macho. Nilidhani amelala, lakini akasema, "Curseur? Uko?"

"Niko, Prof."

"Sikuone. Nitajua namna gani machine haiyakufa?"

Kiganja chake kilikuwa bado wazi juu ya blanketi. Nikaweka kidole changu katikati yake, nikakiinua. Nikakiweka tena, nikakiinua. Uso wake ukalegea. Alipitiwa na usingizi wa kweli muda si mrefu baadaye, nikasikia anavyokoroma kidogo, na mkewe akanionyesha kwa mkono kwamba sasa naweza kupumzika. Nikatikisa kichwa. Jua lilihama kutoka kitandani hadi ukutani, watoto wakapita nje wakitoka shule, na mimi nilikuwa pale pale, nikiweka kidole na kukiinua.